Maziwa ya Madoa

Kwangu maziwa yakichemka, nyumba nzima inajua. Harufu huanza tamu, halafu inakuwa nzito, na yakipanda na kumwagikia motoni inageuka harufu ya kuungua inayoshika mpaka mapazia. Wanangu husema maziwa kwa mama hayachemshwi, yanaadhibiwa. Mume wangu, aliyekulia mjini, huuliza yamekosa nini. Mimi hucheka nao, nikayashusha, nikayarudisha tena jikoni. Sababu sijawahi kuwaambia. Wewe nitakuambia, maana hunijui na huwezi kwenda kumuuliza mama yangu.

Tuliishi kijijini, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka stesheni ya Tura. Baba alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, na mmoja wao, Madoa, alihesabiwa kuwa wa mama, kwa kuwa mama ndiye aliyemkamua na mimi ndiye niliyemmaliza. Nilikunywa maziwa yakiwa bado na joto la kiwele, povu likiniachia masharubu. Baba alisema maziwa ya kuchemsha ni ya wagonjwa. Mtu mmoja tu pale nyumbani alichemsha ya kwake: Shangazi Kalunde, dada yake baba, aliyerudishwa na mumewe kwa kukosa mtoto. Mimba tatu zilikuwa zimemtoka. Alikuwa na kisufuria chake cheusi cha maziwa, nasi tulimtania kwacho kila siku. Alikuwa akijibu kwamba tumbo lake halipendi vibichi, basi, akaendelea kukoroga.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka tisa, na mama alikuwa na mimba ya miezi sita. Baada yangu hakuwa ameshika mimba nyingine, kwa hiyo tumbo lile halikuwa lake peke yake. Bibi, mama yake baba, alikuwa ameshampa mtoto jina. Mama mwenyewe alitembea polepole, mkono mmoja kiunoni, na jioni alinikalisha karibu yake ili nisikie teke. Sijapata kumwona na furaha kama ile tena.

Asubuhi moja tulimkuta Madoa amesimama kwenye kona ya zizi, mgongo umepinda, na nyuma yake chini pamelala ndama asiye na manyoya, mdogo, rangi ya maini. Alikuwa ng'ombe wa tatu kutupa mimba mwaka ule. Kondo la nyuma halikutoka lote. Lilining'inia likiburuza vumbi, na inzi walishafika.

Kwetu mambo ya kondo ni ya wanawake, liwe la mtu au la ng'ombe. Baba, ambaye aliwahi kumfukuza fisi kwa rungu, aligeuza uso akamwita mama. Mama alilifunga lile kondo kwa kamba, akaning'iniza jembe bovu ili uzito ulivute, kama alivyofundishwa na bibi. Siku mbili Madoa alizunguka na lile jembe likimgonga miguu, na harufu ikafika mpaka tulipolalia. Siku ya tatu mama alipandisha mkono wa gauni, akauingiza mkono mtupu mpaka kiwiko, akavuta kilichokuja. Mimi nilishika kibuyu cha maji. Alipomaliza alijifuta kwa kanga aliyoifunga tumboni.

Bwana mifugo alikuja kesho yake kwa baiskeli, akiwa na glavu za kufika begani. Alimsafisha Madoa, akamwekea vidonge vikubwa ndani ya mfuko wa uzazi, akamchoma sindano. Kisha akauliza kama kuna ng'ombe mwingine aliyetupa mimba pale. Baba alijibu bila kupepesa macho, "Huyu tu." Aliogopa kuambiwa awaondoe. Bwana mifugo akasema hata hivyo tuchemshe maziwa, ndama afukiwe shimo refu, na mwenye mimba asisogee zizini. Wakati huo mama alikuwa jikoni akimpikia uji.

Ndama alishaliwa na mbwa. Na maziwa ya wale waliobaki tuliendelea kuyanywa vilevile.

Siku zile Shangazi Kalunde alikuwa akienda zizini mapema kabla ya wengine. Nilimchungulia kwenye uwazi wa miti ya boma. Aliweka kiganja kwenye tumbo la Madoa, akamsemesha taratibu, kwa muda mrefu, na yule ng'ombe alitulia. Sikusikia maneno. Niliona tu midomo.

Homa ya mama ilianza wiki chache baadaye. Ilikuja, ikaondoka, ikarudi na jasho la kulowesha mkeka. Mimba ilipoingia mwezi wa nane, mtoto alitoka akiwa hana uhai. Alikuwa wa kiume, kama bibi alivyotabiri. Walimzika nyuma ya nyumba mchana.

Jumapili baada ya misa ndugu walikaa uani. Ng'ombe watatu na mtoto mmoja, ndani ya boma moja, mwaka mmoja: walitaka jina la mtu. Bibi akaniita mbele. "Wewe unayezurura, ulimwona nani kwa Madoa?" Sijawahi kusikilizwa na watu wazima wengi namna ile, na nakiri kwamba nilifurahi. Nikasema nilichokiona: mkono tumboni, midomo ikisema. Nilionyesha hata mkono ulivyowekwa.

Shangazi hakujitetea. Alinitazama mara moja tu, akamgeukia mama aliyekuwa ameketi mlangoni amejitanda. Mama alitazama chini. Kabla ya jua kuwa kali kesho yake, Shangazi aliondoka kwenda Tura kupanda treni, na kisufuria chake cheusi kichwani juu ya furushi.

Nilikuwa nimeshaolewa, naishi Tabora mjini, homa ya kuja na kuondoka iliponishika mimi. Daktari aliuliza kama nimekulia kwenye ng'ombe, kama walikuwa wakitupa mimba, kama tulichemsha maziwa. Akaniambia jina la ugonjwa, brusela, na jinsi unavyopita kwenye kondo na maziwa mpaka kwa watu, na kwamba mjamzito huweza kupoteza mtoto. Alikuwa akieleza dozi. Mimi nilikuwa naona kanga ya mama.

Nilimtafuta Shangazi nikampata Isevya, mtaa wa hapohapo mjini, amepanga chumba, anauza vitumbua. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba," alisema, akanisogezea kigoda kama niliyeondoka jana. Nilimweleza yote ya daktari nikilia. Alisikiliza, akageuza vitumbua. Nilipomuuliza alikuwa akimwambia nini Madoa, aliepua vilivyoiva.

"Nilimpa pole. Kwani nani mwingine alimpa?"

Nikaanza kuomba msamaha. Akanizuia kwa kile kijiti cha kugeuzia.

"Wewe ulikuwa mtoto. Mama yako alikuwa mtu mzima, na zizini tulikwenda wote. Kila asubuhi alinikuta pale, akanisikia nikimpa pole. Alijua."

Miaka yote nilidhani ni ulimi wangu uliomfukuza Shangazi. Sikuwa nimefikiria kimya cha mama, wala kwamba mtu aliyefiwa anaweza kumwacha mwenzake afukuzwe ili asiulizwe alichokigusa kwa mikono yake mwenyewe. Nilimkasirikia sana. Bado namkasirikia, na bado namhurumia, na sijui nifanye nini na vyote viwili.

Siku hizi mama huja kukaa kwangu. Ameshazeeka, hupenda kukaa jikoni. Hakuna aliyewahi kumwambia habari za daktari, wala hajui kwamba nilifika Isevya. Maziwa yakipanda mara ya kwanza husema yameiva, niyaepue. Nayarudisha. Juzi yalipopanda mara ya tatu aliniambia, bila kunitazama, "Kalunde naye alikuwa akiyachemsha hivyohivyo."

Nikamwambia, ndiyo mama. Nikayaepua, tukangoja yapoe.