Kabla Koo la Cheptoo Halijapasuliwa

Saa tisa alasiri mvua inapiga mabati nje kidogo ya Litein, na Caren Cheptoo anapangusa CD kwa kipande cha flana. Amechuma chai tangu asubuhi. Vidole bado ni vyeusi kwa utomvu. Anaigeuza diski kwenye mwanga wa dirisha, anaguna.

"Hii nayo imeshika ukungu. Woi, Mungu wangu!"

Siku hizi majirani wanatazama sinema za Kihindi kwenye simu. Yeye ana sanduku la bati limejaa diski, zote za Kihindi, na akikuta nyingine sokoni kwa shilingi hamsini ananunua. Usimcheke. Kwenye nyingi ya hizo, sauti inayosikika ni yake.

Zamani Cheptoo, sasa miaka 51, alikuwa mfasiri katika banda la video hapa Litein. Mhindi akilia, yeye anaeleza analilia nini, kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kipsigis, huku mwenye banda akirekodi na kuuza.

"Watu walikuwa wanakuja kunisikia mimi, si stelingi wa sinema," anasema. Anacheka mpaka kikohozi kinamkatiza.

Kikohozi hicho ndicho balaa. Jumatatu atapasuliwa koo kutolewa uvimbe, na daktari amemwambia huenda akaamka bila sauti.

"Naogopa, sitakudanganya. Nikiwa peke yangu kwenye majani chai naita jina langu kwa nguvu, nisikie kama sauti bado iko."

Diski zilikuwa nyingi zaidi. Mumewe, Aron Chepyegon, anasimulia huku akimtazama kwa pembeni: "Aliogopa unyevu, akazipandisha tabut, pale juu ya jiko tunakokausha mbegu ya mahindi kwa moshi. Zikajikunja kama chapati!"

"Na moto ulikuwa unakokwa na nani?" Cheptoo anamrudishia.

Kati ya zilizopona, fundi amefaulu kunakili tatu tu. Nyingine zinakwama.

Binti yao anatarajia kujifungua Agosti. "Huyo mtoto lazima ajue kogo wake, nyanya yake mimi, alikuwa anaongea namna gani," anasema Cheptoo. Kwa hiyo Jumapili, baada ya kanisa, majirani wamealikwa. Atatia diski ambayo hajawahi kuifasiri, sauti ya televisheni itazimwa, naye ataisimulia yote, Aron akimrekodi kwa simu.

Na ikikwama katikati?

Anafunga sanduku, anashika koo lake.

"Nitaendelea tu. Mwisho nitautunga mwenyewe."