Mabaki ya Kombe

Wivu naujua vizuri. Nimewaonea watu wivu kwa ajili ya magari, viwanja vya matajiri kule Kibenga, hata ndevu. Huo wote ulikuwa mchezo. Wivu wenyewe, ule unaokaa kifuani kama tonge lililokwama, nilimwonea binti yangu wa kumzaa, naye alikuwa na miaka tisa.

Mimi ni fundi wa magari, mtaa wa Buyenzi. Gereji yangu iko hatua chache kutoka nyumba ya mama yangu, ambamo tunaishi sote: mama, mimi, mke wangu na huyo mtoto wetu mmoja. Kazi naijua. Wateja wangu watakwambia hivyo, kisha watakwambia na la pili: nafungua injini tatu, sifungi hata moja. Naanza ya kwanza, nasikia ya pili inakohoa, naiendea, na kabla sijaifikia nakumbuka kwamba sijanywa chai. Ikifika alasiri gereji nzima iko wazi na mimi nimeshika skrubu nisiyojua ilikotoka.

Nilikuwa hivyo tangu utotoni. Chuoni, tulikosomea Kurani, nilikuwa naanza aya vizuri kabisa, kisha anapita nzi, na aya inaishia kwa nzi. Mama alinipeleka mwenyewe siku ya kwanza, akamwambia mwalimu mbele yangu: "Mwalimu, mi nataka macho tu. Hiyo ngozi ni ya kwako." Mwalimu alilichukua neno hilo kwa uzito wote, akanichapa kila aya niliyoiacha njiani. Na nikirudi nyumbani na kiatu kimoja, au bila mkate niliotumwa, mama alikuwa na swali lake moja kabla hajauchukua ufagio: "Kichwa yako uliiacha wapi?" Nilimjibu kwa unyofu kwamba sijui. Jibu hilo ndilo lililomkera zaidi.

Binti yangu alitoka mimi mtupu. Daftari la hesabu ndani ya friji, sare kaivaa ndani nje, anasimama katikati ya sentensi na kuuliza kwa nini mwezi una madoa. Mke wangu, ambaye huuza vitambaa katika duka moja kule Asiatique, mtaa wa biashara, na hana muda na maneno ya mtaani, alimpeleka kwa daktari wa watoto. Mara ya pili nikaenda nao. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliuliza maswali mengi, akataka barua ya mwalimu wa shule, akausikiliza moyo wa mtoto, akampima uzito na presha. Mwishowe akasema: mtoto huyu si mkaidi wala si mjinga. Ni ubongo wake tu, unashindwa kutulia mahali pamoja. Na kuna dawa.

Kidonge kimoja kila asubuhi, baada ya kula. Akatufafanulia bila haraka kwamba ni dawa ya siku nyingi, inajulikana, na kwa mtoto anayefuatiliwa vizuri haina la kutisha. Inaweza kumpunguzia hamu ya chakula, inaweza kumchelewesha kulala, na moyo wake ukienda mbio tumlete upesi. Tena asipewe mtu mwingine yeyote, hata ndugu wa damu. Hilo la mwisho alilisema mara mbili.

Mtaani habari ilifika kabla yetu. Jirani mmoja alimsimamisha mke wangu mlangoni: "Ni kweli munapa mutoto dawa ya wazimu?" Mwingine akasema ni zile zile wanazomeza vijana wa mjini ili wakeshe. Nami, badala ya kumtetea mwanangu, nilicheka pamoja nao. Nikasema ni ugonjwa wa wazungu, sisi tulitibiwa kwa fimbo na tukapona. Nilisema hivyo nikiwa na karburateri ya mtu mkononi na sikumbuki ilikuwa ya gari gani.

Lakini kilichokuwa kinanichoma ni kingine. Si mkaidi wala si mjinga: maneno hayo matano hakuna aliyewahi kuniambia mimi. Nilipigwa utoto wangu wote kwa jambo ambalo huyu anapewa kidonge na kuulizwa kama tumbo linamuuma. Nilimtazama pale kwenye kiti cha daktari, miguu inaning'inia, anachezea kifungo cha shati lake, nikamwonea wivu hadi nikaona aibu. Aibu ikapita, wivu ukabaki.

Mama yangu ndiye aliyekuwa mgumu zaidi. Alisema dawa hiyo itakausha damu ya mtoto. Mke wangu alishikilia lake siku mbili, na siku ya tatu mama akatoa sharti. "Kama ni lazima anywe ya dogiteri, basi atakunywa pamoja na ya Mungu."

Alimaanisha kombe. Kwetu mtoto akisumbuliwa na jambo, mwalimu humwandikia aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji, na maji yale yakanywewa. Mama alikwenda kwa mwalimu, akarudi na chupa nzima ya maji ya manjano. Tangu siku hiyo, mke wangu akishaondoka kwenda dukani na kumwachia mama kidonge cha siku hiyo, mama alikuwa anamkalisha mjukuu wake mkekani, anamlisha mkate na chai, kisha anamimina kombe kwenye kikombe cha bati na kumnywesha. Mkono wake mmoja unashika kikombe, mwingine uko juu ya kichwa cha mtoto, unapapasa nywele. "Taratibu, mwana wangu. Ihangane," alikuwa anamwambia kwa Kirundi, neno letu la kumwomba mtu avumilie tunapomwonea huruma.

Ihangane! Nilikuwa nasimama mlangoni na chai yangu, nautazama mkono ule. Ulikuwa mkono ule ule wa ufagio, naujua kila kidole. Sikuwahi kufahamu kwamba unaweza kutulia kichwani mwa mtu.

Mtoto hakuipenda ladha ya kombe. Alikunywa nusu na kukunja uso. Sasa, maji yaliyoosha maneno ya Mungu hayamwagwi ovyo chini, kila mtu wa mtaa wetu anajua. Mama alinipa mimi kikombe. "We malizia." Nikamalizia, asubuhi ya kwanza na zote zilizofuata.

Hazikupita wiki mbili nikafunga injini ya teksi kabla ya adhuhuri. Nilisimama nikaitazama kama vile kaifunga mtu mwingine. Siku iliyofuata nikafunga ya pili. Skrubu nilizipanga kwenye vibakuli, kila gari na kibakuli chake. Mteja mmoja alikuja kugomba, akakuta gari lake linanguruma, akakosa la kusema. Chakula cha mchana nilikuwa nakisahau, na moyo wangu nao ulikuwa unapiga kwa nguvu nisiyoizoea, lakini nilidhani ni furaha. Nilimwambia mama kwamba kombe la mwalimu limenifungua kichwa. Mama alifurahi sana, akampelekea mwalimu kuku.

Asubuhi moja nikarudi ndani ghafla kutafuta funguo nilizokuwa nimezishika, nikamkuta mama jikoni ameinama. Kidonge cha mtoto kilikuwa kwenye kijiko, naye anakisaga kwa mgongo wa kijiko kingine.

"Mama, unafanya nini?"

"Anashindwa kuimeza. Siku ya kwanza karibu atapike. Mi naiweka mu kombe, inapita vizuri." Akauchanganya ule unga kikombeni kwa kidole, akaendelea na shughuli zake. Alikuwa anafanya hivyo tangu siku za mwanzo na hakuona la kumwambia mtu.

Nilimngojea mtoto anywe. Nikachukua kikombe nikatazama ndani. Chini ya maji ya manjano kulikuwa na tope jeupe, limetulia. Yeye alikuwa anakunywa ya juu. Dawa ilikuwa inabaki chini, na mabaki yalikuwa yangu.

Hapo ndipo mtu mwingine angesema. Mimi nilikitikisa kikombe kidogo ili kisibaki kitu, nikanywa.

Nitasema na lililo baya zaidi, kwa kuwa nimeshaanza. Baada ya siku hiyo nilikuwa nakaa karibu naye. Akishapiga mafunda mawili, namwambia kwa sauti ya mapenzi, "Inatosha, mama, utachelewa shule," na kukiondoa kikombe mdomoni mwake. Alikuwa ananishukuru kwa kumwokoa na ladha ile. Nilijua ninachofanya. Nilijiambia yeye ana miaka tisa, ana muda, atapata daktari wake, shule yake, na bibi wa kumpapasa kichwa. Mimi nilikuwa nimengoja tangu chuoni. Nilijiambia pia kwamba lile kombe lilitakiwa kuandikwa kwa ajili yangu kwanza. Wivu una hoja nyingi ukishapewa nafasi.

Siku ya kurudi kwa daktari mke wangu alinyimwa ruhusa dukani, tukaenda mama, mtoto na mimi. Daktari alimpima uzito, akasikiliza moyo, akasoma barua mpya ya shule. Hakuna mabadiliko, ilisema. Mtoto bado anapotea darasani, na sasa analia akikosea. Mama alikaa wima kwenye kiti chake, uso wa mtu aliyekwisha kuonya. Daktari akatuuliza kama anakunywa kila siku. "Kila siku," mama akasema, na hakusema uongo.

"Basi kipimo hiki ni kidogo kwake," daktari akasema. "Tutaongeza, tuone." Akavuta karatasi na kuanza kuandika.

Nilifahamu maana yake upesi kuliko ninavyofahamu mambo mengi. Kidonge kikubwa zaidi. Nikiendelea kunywa, moyo wangu ambao tayari ulikuwa unagonga mbavu utagonga zaidi. Nikiacha kunywa, au mama akipata siku ya kukikoroga kikombe vizuri, dawa yote hiyo itaingia kwa mara moja kwenye mwili ule mdogo ambao haujawahi kukinywa hata kile cha kwanza kikamilifu. Nilifahamu hayo yote na bado nilinyamaza. Nawaambia ukweli. Nilikuwa nawaza vibakuli vyangu vya skrubu.

Ni mtoto aliyesema. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Mi najaribu, dogiteri," akasema. "Kila siku najaribu. Kichwa yangu tu inakataa."

Nilikuwa nimeyasema hayo, chuoni. Si kwa maneno hayo hasa, lakini kwa sauti hiyo, nimesimama mbele ya mwalimu na viganja vimekunjuliwa, nikisubiri. Nikaweka kiganja juu ya karatasi.

"Usiandike," nikamwambia daktari. "Dawa nakunywa mimi."

Nikaeleza yote: kijiko, kombe, tope jeupe, na inatosha mama utachelewa. Daktari aliweka kalamu chini. Hakupandisha sauti, lakini ningependelea angeipandisha. Alimwambia mama kwamba kidonge kitamezwa kizima baada ya kula, kwa maji ya kawaida. Kikigoma, mtoto arudishwe kwake, kuna njia nyingine. Kombe linyweke baadaye, peke yake, yeye hana ugomvi na kombe. Kisha akaniambia nikunje mkono wa shati. Akanipima presha, akapima tena, akanitazama. Ilikuwa juu, na kwa dalili zake haikuanza jana. Alisema mtu mwenye presha kama hiyo asiyejijua, anayekunywa dawa hii kwa siri, anacheza na roho yake. Dawa ya mtoto si mbaya, akasema. Ubaya ni kuinywa bila kupimwa.

"Na hili la kutotulia," akaniuliza, "lilikuanza lini?"

Nilifungua mdomo. Mama akawahi.

"Tangu mutoto. Alikuwa sawa na huyu. Sawasawa." Akaitengeneza mitandio yake miwili ambayo haikuwa na kasoro. "Lakini yeye nilimupiga."

Daktari akaandika karatasi mbili, ya mtoto kwa kipimo kile kile cha zamani, na yangu ya kwenda kutibiwa presha kwanza. Hayo mengine, akasema, yatazungumzwa na daktari wa watu wazima presha ikishatulia. Huenda nikapewa, huenda nisipewe.

Tulikaa kwenye benchi la nje ya chumba cha daktari kusubiri mama apumzishe miguu. Mtoto alikuwa katikati yetu, anahesabu vigae vya sakafu na kupotea katikati ya hesabu.

"Baba, ile dawa ilikuwa inakusaidia?"

"Ndiyo, mama."

Akafikiri. "Hata mi nilitaka inisaidie."

Niliinama nikashika uso wangu kwa mikono miwili, mikono ya oili, mbele ya wagonjwa wa watu. Ndipo nikahisi kitu kichwani. Mama alikuwa amenyoosha mkono nyuma ya mgongo wa mtoto akauweka juu ya utosi wangu. Vidole vilikuwa vigumu, havikujua pa kuanzia, kisha vikaanza kupapasa. "Ihangane," akasema, na hakuniangalia.

Sikujisogeza hata kidogo. Ningekaa vile mpaka wafunge milango.

Binti yangu aliinua macho, akamtazama bibi yake, akanitazama mimi. Akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaushusha kichwani mwangu na kuuweka kichwani mwake.

Nilimwachia. Siwezi kusema nilimwachia kwa moyo mweupe, lakini safari hii nilimwachia mkono wote.