Baba Yangu na Haki ya Kunyamaza

Mabati ya darasa lile yalianza kulia saa nne asubuhi, jua la kambi ya wakimbizi ya Kakuma likiyavuta, ta, ta, ta, kama mtu anavunja kuni juu ya vichwa vyetu. Nilikuwa na miaka kumi. Watu wazima waliopita mahojiano ya kwenda Amerika walikaa kwenye mabenchi, sisi watoto chini kwenye saruji, na Mwalimu Akiru, dada wa Kiturkana kutoka Lodwar, alichora masanduku matatu ubaoni. Hapa bunge, linatunga sheria. Hapa rais, anazitekeleza. Hapa mahakama, inaamua. Hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi ya wote watatu, alisema, na juu yao wote kuna katiba. Ukishtakiwa kule, anayekushtaki ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Wewe unaweza kunyamaza, na kunyamaza kwako hakuhesabiwi kuwa kosa. Baba yangu Anzuruni, fundi bomba wa Uvira, Kongo, aliyekimbia watu waliojipa kazi zote tatu kwa bunduki, alishusha pumzi kwa sauti mpaka watu wakageuka kumtazama.

Jioni ile alituonyesha mafiga matatu ya Mama. "Nchi yao imekaa hivi. Toa moja, sufuria inamwagika." Mama akakoroga maharagwe akasema, "Basi mimi ndiye mahakama. Na nyinyi wawili nimewafunga, hakuna aliyeteka maji." Tulicheka sana. Sikumbuki kucheka tena namna ile, sisi watatu.

Wiki hiyohiyo koki nne za shaba za bomba la bloku yetu ziliibiwa. Mimi nilimwona aliyezifungua. Ilikuwa saa saba mchana, joto limewalaza watu wote ndani, nami nimetumwa na dumu la maji. Alikuwa Kizito, mpwa wa mwenyekiti wetu Deo, na spana aliyoshika ilikuwa ya Baba; jana yake alikuja kuiazima akisema ni ya baiskeli. Alitia koki kwenye gunia la unga, akapanda pikipiki, akashika barabara ya Lodwar. Nilirudi na dumu tupu nikamweleza Baba. Alinishika kichwa tu.

Siku tatu bloku haikuwa na maji, na watu walikuwa na hasira ya kiu. Deo akaitisha baraza. Akasimama kumshtaki baba yangu, kwa kuwa ni fundi na ana spana. Kisha akaketi kwenye kiti chake kilekile, akawa hakimu. "Mzee Anzuruni, spana ni yako au si yako?" Baba akakunja mikono, akanyamaza. Uso wake ulikuwa umetulia, nusu anatabasamu, kama mtu mwenye tiketi mfukoni. Mama Esperansi, jirani aliyekuwa akiazima chumvi yetu kila jioni, alipiga kelele, "Sema hata neno moja, papa! Utuondolee aibu!" Mimi nikainua mkono. Baba akaushusha polepole, akaninong'oneza, "Acha, mwanangu. Kuthibitisha ni kazi yao."

Kwetu, na kwa Warundi tuliochanganyika nao, mtu asiyejitetea mbele ya baraza ameshajihukumu. Baba alilijua hilo tangu utoto wake. Lakini alishahamia Amerika moyoni, akadhani Amerika nayo imeshahamia kwake. Deo aligeukia watu. "Mmeona wenyewe. Ana la kusema? Hana." Barua ya kwenda ofisi ya safari ikaandikwa papo hapo, majirani wakatia vidole kwenye wino, wa kwanza Mama Esperansi.

Orodha ya safari ilipobandikwa, jina letu halikuwepo. Baba aliisoma kwa kidole kuanzia juu hadi chini, mara tatu, halafu akatembea hadi darasani na mimi nyuma yake. Mwalimu Akiru aliposikia, chaki ilimdondoka. "Mzee wangu," alisema, "mimi nilikuwa nafundisha ya kule. Ungesema! Hapa ungesema!" Baba akamtazama, kisha ubao. Sijaona tena uso wa mtu ukimwagika namna ile.

Deo na Kizito walipanda ndege mwaka uliofuata. Baba tulimzika Kakuma. Mimi shule niliacha darasa la sita, na sasa naishi Nawoitorong, hapa Lodwar, nafua mashuka ya nyumba ya wageni. Juzi binti yangu, yuko kidato cha pili, alikuwa akisoma katiba ya Kenya kwa mtihani, akafika mahali panaposema mtu aliyekamatwa ana haki ya kunyamaza. Shuka likaniponyoka. Nikamwambia, rudia. Akarudia. "Ya Amerika hiyo?" "Ya hapa, Mama. Hata katiba ya zamani haikumlazimisha mshtakiwa kusema." Ya hapa! Barazani hakuna aliyeijua, au aliyeijua alikaa kimya.

Mara nyingine Kizito huonekana kwenye simu za watu, koti zito, theluji hadi magotini, anacheka. Sasa sikieni. Kizito ndiye aliyefungua koki zile kwa spana ya baba yangu, mchana kweupe, nikimwona. Deo alijua. Mama Esperansi alimwona Kizito akiazima spana mlangoni kwetu, na bado akatia kidole. Haki ile ya kunyamaza nimeitunza tangu nilipokuwa na miaka kumi, kwa sababu Baba aliniomba. Leo nimeirudisha.