Boma Zima la Pangani

Msimu ule Mbozi yetu ilinuka maganda ya kahawa. Yalikuwa yanaoza kwenye mashimo nyuma ya nyumba, na harufu yake chachu ilituingia mpaka kwenye ugali. Mimi, mtoto wa kike niliyekuwa bado naota upya meno ya mbele, nilikuwa nageuza buni juani pamoja na mama. Baba alikuwa manamba, kibarua wa mkataba, huko Pangani, akikata mkonge. Aliondoka ningali mgongoni, kwa hiyo sura yake sikuijua. Watu walisema atarudi, nasi tukawa tunasubiri tu.

Aliyerudi ni baba mdogo, aliyeondoka naye. Aliingia uani, akamsalimu bibi, akakaa chini kwenye vumbi, akasema kaka amekufa kwa homa na wamemzika hukohuko. Mama aliendelea kugeuza buni. Mimi sikulia. Nilikufa ganzi, na kusema kweli ile ganzi haijanitoka yote. Kisha baba mdogo akafungua kitambaa, akatoa picha nyeusi na nyeupe, ya kwanza kuingia nyumbani kwetu. Lilikuwa boma la kale la Pangani, lenye kuta nene na mlango mkubwa wa nakshi. Mama akauliza mumewe yuko wapi. Baba mdogo akatuonyesha kwa ukucha kijitu cheusi pale mlangoni. Maskini baba! Alimsumbua mpiga picha arudi nyuma, kisha arudi tena, mpaka jengo lote liingie, maana aliwajua watu wa kwao: wasipoliona lote watasema hakufika pwani. Basi tukawa na boma zima, na baba mwenye uso kama punje ya ulezi.

Kwetu aliyefia mbali alizikiwa kitu chake, ili msiba uishe na watu wanyoe. Nguo za baba zilichomwa huko kambini kwa kuogopa homa. Bibi akaitaka picha.

"Mwanangu hatalala bila kaburi," alisema.

"Na wangu, mama, atamjua baba yake kwa kitu gani?" mama akamjibu.

Wakavutana mpaka waombolezaji wakachoka. Mwishowe mama akaomba wembe. Akamkata yule kijitu taratibu, akamweka kwenye kiganja cha mama mkwe wake. Wakamzika kando ya mibuni, kwenye kaburi la urefu wa mtu mzima. Boma lililobaki, lenye tundu mlangoni, nikapewa mimi.

Siku hizi wajukuu wangu wanapiga picha hata sahani ya wali, na sura wanaivuta kwa vidole mpaka uone vinyweleo. Mwaka jana walinipeleka Pangani. Boma lipo, limechakaa. Mjukuu wangu wa kike akaniambia nisogee karibu, uso uonekane vizuri, nami nikasogea. Baadaye aliitazama picha kwenye simu, akaniuliza hii pua yetu nimeichukua kwa nani. Nikamwambia sijui.