Sauti ya Mama Kwenye Simu ya Upepo

Juzi nilikwenda Sumbawanga, nikapita Majengo kumjulia hali rafiki yangu wa utotoni. Sebuleni kwake, ndani ya fremu ya kioo, kumetundikwa nishani ya vita ya marehemu baba yake. Nilikunywa chai nikiitazama, na nisikufiche, ndugu yangu, wivu ulinipanda kama vile bado nina miaka tisa.

Tulikua majirani katika kijiji cha ujamaa, huku juu Ufipa ambako upepo wa Juni huingia mpaka kwenye mifupa. Baba yake alikuwa mgambo. Mama yangu, aliyewahi kupitia jeshini, alikuwa akiunganisha simu posta mjini. Vita vya Kagera vilipoanza, wote wawili waliitwa. Nikabaki na bibi, nikipepeta ulezi na kuchota maji. Watu wakimuuliza bibi habari za mwanawe, alijibu, "Yuko kwenye simu ya upepo," yaani redio ya jeshi. Wao walisikia upepo tu.

Shuleni, mwalimu alimsimamisha rafiki yangu mbele, tukampigia makofi kwa ajili ya baba yake. Nikanyoosha mkono.

"Hata mama yangu yuko vitani, mwalimu."

"Anawapikia?"

Darasa zima likaangua kicheko. Jioni ile, kisimani, niliimwaga ndoo ya rafiki yangu, nikasema nimejikwaa.

Vita vilipokwisha, wanaume walirudi kwa lori. Kijiji kiliwapokea kwa ngoma na vigelegele, wakapandishwa jukwaani. Sherehe ikiwa imepamba moto, mama akatokea barabarani kwa miguu, begi kichwani, gwanda limejaa vumbi. Nilimkimbilia. Kabla sijamwachia shingo, mwenyekiti wa kijiji akasema, "Karibu, mama. Wenzako wako jikoni, wamezidiwa."

Mama akakunja mikono ya gwanda, akashika mwiko, akasonga ugali wa watu wote wale. Nililia kando yake, na moshi ukanisitiri.

Baba wa rafiki yangu akaja kunawa mikono. Alipomwona mama, akachuchumaa.

"Dada, nilikutambua tangu siku ya kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Redio ilikuwa inakwaruza, lakini nilikutambua. Siku ile uliposema tusivuke mto, ukarudia, ukarudia, wala hukutetemeka. Tulikuwa kumi na wawili. Sote tumerudi."

"Kula kwanza," mama akamjibu. "Ugali unapoa."

Nikamshika yule baba mkono. "Baba, kayaseme hayo kule jukwaani."

Akatazama jukwaa, watu, bendera. "Nitasema, mwanangu. Kesho."

Hakusema kesho yake, wala mwaka uliofuata, wala hakuna aliyemuuliza. Mama alirudi posta kuunganisha simu za watu wengine.

Leo mwenyekiti hayupo, bibi hayupo, na mama tulimzika kama mama yeyote wa kijijini, kwa rozari na nyimbo. Nyumbani alikuwa mpole, akiongea taratibu kwa Kifipa, hata kutuita kula hakupaza sauti. Nilipokuwa msichana nilimwomba anisemeshe mara moja tu kama alivyosema na watu wa mtoni. Alicheka. "Ile ilikuwa sauti ya kazi," alisema.

Akaenda nayo. Wanaume kumi na wawili waliisikia sauti ile ya mama yangu. Mimi, niliyetoka tumboni mwake, sikuisikia hata siku moja.