Samli ya Kristina

Wifi yangu Marietha alisuka maziwa maisha yake yote, na sikuwahi kumwona akionja samli yake. Nilimtania sana kwa hilo. Alikuwa mke wa kaka yangu Mughwai, pale Mwankoko, na utani wa wifi hakuna wa kuninyima. Asubuhi anakaa mlangoni, kibuyu mapajani, anasukasuka huku anaimba nyimbo za kanisani, maneno nusu anayabuni mwenyewe. Samli ikishaiva anaipeleka mjini kwa Mzee Velji, Mhindi mwenye duka. Mzee Velji alifundishwa na baba yake dawa za kwao, na nyingine alizichanganya kwa samli ya Marietha. Wenye matumbo mabovu walimjua.

Kibuyu kimoja tu hakikuuzwa. Kilining'inia juu ya kitanda chake, mdomo umezibwa kwa nta. Ilikuwa samli ya Kristina, binti yake wa pekee. Katika ukoo wetu, mama humpaka binti samli asubuhi ile anayotoka kwenda kuolewa, na samli hiyo huwekwa tangu binti akiwa mdogo. Nta haibanduliwi kabla ya siku yenyewe. Wanawake wa ukoo huja wakaitazama, na kibuyu kilichokwisha kuguswa hawakikubali. Kristina alikwisha chumbiwa na Kefa, kijana wa Misigiri. Marietha hakuwa na habari nyingine mdomoni. Mpaka tukamchoka.

Tumbo lilianza kama mchezo. Anakula, halafu anakunja ngumi anaikandamiza chini ya mbavu. Baadaye mwili ukaanza kuondoka. Kanga iliyokuwa ikimtosha ikawa inamzunguka na kubaki.

"Wifi, unakwisha hivyo, huyo kaka yangu hakulishi?" nikamtania.

"Nanenepea kwako," akasema. "Jitazame."

Nikacheka. Lakini kesho yake nilimshika mkono, nikampeleka kwa Mzee Velji.

Mzee alimkalisha juu ya gunia, akamshika kifundo cha mkono na kuusikiliza mshipa kwa vidole vitatu, amefumba macho. Akamtazama ulimi. Akamuuliza anakula nini, saa ngapi, choo kikoje, usingizi je. Mambo mengine niliona haya kuyasikia.

"Moto wa tumbo umefifia, mama," akasema. "Chakula kinaingia, hakiivi. Upepo unabaki ndani, huo ndio unaouma."

Akatwanga tangawizi kavu, bizari nyembamba na mvuje, harufu ikajaa duka zima. Akamwambia ale uji laini wa mchele na choroko, wa moto, kidogo kidogo, aache vitu vya kuchacha. Unga ule aulambe na samli kabla ya chakula.

"Samli mpya haifai. Nataka iliyokaa miaka. Hiyo ndiyo itakayotuliza maumivu. Unayo?"

Marietha akakaza kanga kiunoni. Halafu akasema, "Ninayo."

Mzee akampandisha kwenye mizani ya magunia. Alipoisoma, uso wake haukunipendeza.

"Dawa yangu ni ya tumbo, mama. Mwili kuondoka bila sababu ni jambo jingine. Ukirudi umepungua tena, utakwenda hospitali, na usinibishie."

Njiani nikamuuliza kuhusu kibuyu. "Nitachota kidogo, kisha nitairudishia nta," akasema. "Wale bibi hawaoni vizuri siku hizi." Nikafurahi kwamba safari hii amejifikiria mwenyewe.

Tuliporudi dukani miezi miwili baadaye, mizani ilikuwa imeshuka zaidi. Mzee Velji akamuuliza kama anakula dawa na samli. Kila siku, akajibu. Mzee akausukuma pembeni ule unga mpya aliokwisha kuupima.

"Basi huu ugonjwa si wangu. Nenda hospitali leo hii. Wakikufungua tumbo wakufungue, lakini nenda."

Hakwenda. Mughwai alimwomba, mimi nikamgombeza, Kristina akalia. "Nikifia wodini mtakaa matanga, na harusi itasogea," akasema. "Nimpake mwanangu kwanza. Baadaye nipelekeni mnakotaka." Alikuwa mbishi, Mungu amrehemu, na mimi kwa ubishi huo nilikuwa na hasira naye kuliko ninavyoweza kueleza.

Harusi ilisogea vilevile. Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji. Malori yakaja, watu wakahamishwa kwenda kukaa pamoja, sisi huku na wakwe zetu kule Misigiri. Kila mtu akawa anahangaika na nguzo na nyasi za kuezekea, nani wa kuozesha? Kaka yangu alipakia vyungu na jembe. Marietha alipakatwa kama mtoto juu ya lori, na yeye amekipakata kibuyu.

Kijiji kipya hakikuwa na kivuli. Alilala chini ya turubai, akiuma pindo la kanga maumivu yakija. Siku alipokosa nguvu za kubisha, Mughwai alimbeba hospitali. Daktari alisema kuna uvimbe tumboni, ni wa siku nyingi, na tumechelewa. Tukamzika kabla nyumba haijaezekwa.

Matanga yakaisha, mwaka ukapita, Kefa akaja na ndugu zake. Mama hayupo, kupaka ni kazi ya shangazi. Asubuhi ile wanawake wakakizunguka kibuyu, wakaitazama nta. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumtetea wifi yangu, kueleza habari ya ugonjwa.

Wakasema ni nzima. Nikadhani kweli hawaoni, nikaiinamia mwenyewe. Ilikuwa nta ya zamani, imekauka, vumbi limegandamana nayo. Nikaibandua kwa kisu. Samli ilijaa mpaka shingoni.

Miezi yote ile alimeza unga wa Mzee Velji kwa maji matupu. Sisemi samli ingemponya, daktari alishatueleza. Lakini ingemtuliza, na ilikuwa inaning'inia juu ya kichwa chake.

Nikachota kwa kiganja nikampaka Kristina uso, mabega, mikono, miguu. Nililia na sikujificha.

"Shangazi, nyingi mno," akasema.

Nikamwambia atulie. Ni yake yote, mama yake hakuigusa.