Mama Aliposhtakiwa kwa Kufurahi

Mimi ni mtu wa benchi la nyuma. Mwalimu akiniuliza swali, hata lile ninalolijua, sauti inaenda zake na kuniacha nimesimama peke yangu. Nadhani mama alichukua sauti yangu akaijumlisha na yake. Kanisani kwetu hapa mtaa wa Mowlem akipiga vigelegele, mhubiri hungoja amalize. Mtoto akizaliwa kwenye ploti tunayopanga, mtu akipata kazi, stima zikirudi baada ya giza, ni yeye. Kwa watu wa kwao Ukambani, habari njema ambayo haijapigiwa vigelegele bado haijafika.

Kaka yangu alishtakiwa kwa kuiba mtungi wa gesi wa jirani. Mtungi wenyewe ulikuja kupatikana mtaa wa Dandora kwa dadake huyo huyo jirani, ukipikia chapati. Jirani alikuja kortini kuondoa kesi akiwa ameinamisha uso kama ndiye mshtakiwa. Ukutani kulikuwa na tangazo: simu zizimwe, kofia zivuliwe, kutafuna ni marufuku. Kuhusu furaha halikusema kitu.

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyoshuka hadi nchani mwa pua. Alisema kwa Kiingereza kwamba kesi imeondolewa na mshtakiwa yuko huru. Karani akafungua mdomo atafsiri. Mama hakumngoja.

Vigelegele vile sitajaribu kuviandika. Njiwa wote waliokuwa juu ya mabati waliondoka. Mahabusu mmoja aliyekuwa amesinzia aliruka akasema, "Si mimi!"

"Nani huyo?" hakimu aliuliza, sasa kwa Kiswahili.

Mama alisimama akitabasamu. Nafikiri alidhani anatambulishwa kwa wageni. "Ni mimi, mheshimiwa. Mamake. Mungu akubariki sana, mwanangu."

Watu wakacheka. Hapo ndipo tulipoharibikiwa.

Hakimu alisema huko ni kudharau mahakama, na kwamba anaweza kumfunga mama leo hii hii kabla yeye hakimu hajainuka kitini. Katika somo la Historia na Serikali tulifundishwa kwamba mtu haamui kesi yake mwenyewe. Kumbe kuna mlango wa nyuma: hapa mlalamishi, shahidi na hakimu walikuwa wakitumia miwani moja. Na mambo yalikwenda mbio! Kesi ya mtungi ilivutwa mwaka mzima. Ya mama ilianza kaka akiwa bado kizimbani, ikabidi askari wa korti amwambie atoke, nafasi inahitajika.

"Mathe, sema sori tu tuishie zetu," kaka alinong'ona walipopishana.

"Sori ya nini? Nimeiba gesi?"

"Hata mimi sikuiba, na si unaona vile nimezeekea hapa!"

"Kimya!" akasema askari.

Hakimu aliuliza kama mama ana la kusema kabla ya adhabu. Nikamwomba Mungu amnyamazishe, ombi ambalo kwa miaka yangu yote hajawahi kulijibu.

"Mheshimiwa, mimi sikukudharau," mama alisema. "Kwetu ukipewa kitu kizuri ukanyamaza, hayo ndiyo madharau. Lakini kama hapa ni kinyume, nisamehe. Sikujua."

Hakimu alivua miwani, akaipangusa kuliko ilivyochafuka. Kisha akatoa adhabu: mama akae benchi la mbele mpaka mahakama ifungwe. "Usiseme neno na usitikisike. Nikikusikia tena, utalala gereza la wanawake."

Kila mtu aliona ni hukumu nyepesi. Sisi tunaoishi naye tuliona amepewa kifungo asichoweza kukimaliza.

Alasiri, msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni aliachiliwa. Alisimama tu akilia, hana hata mtu wa kumshangilia. Mama alijiziba mdomo kwa mikono miwili kwa ile leso aliyojitanda mabegani. Mabega yakaanza kupanda na kushuka.

"Anachemka," kaka aliniambia. "Kifuniko kinaruka sasa hivi."

Hakikuruka. Machozi yalimtoka mama, lakini sauti haikutoka.

Mwishowe askari akaita, "Simameni!" Hakimu akainuka, sote tukainuka. Isipokuwa mama. Alikuwa amekaa vile vile, mikono magotini, macho mbele. Kukaa wakati hakimu amesimama, hayo sasa ni madharau ambayo hata mimi nayajua. Askari akamfanyia ishara. Mama hakupepesa jicho. Hakimu akasimama mlangoni, akageuka.

Kaka alifungua mdomo, akakumbuka ametoka kizimbani asubuhi, akaufunga. Nikamngoja mtu mwingine aseme. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Mheshimiwa," nikasikia sauti, na ilikuwa yangu, "ulimwambia asitikisike mpaka mahakama ifungwe. Na bado haijafungwa. Hujatoka."

Hakimu aliniangalia, akamwangalia mama, akaangalia dari. Kitu kilimcheza pembeni mwa mdomo, akakigeuza kikohozi.

"Mahakama imefungwa," alisema, akatoka.

Mama alimgeuzia askari macho tu. "Imefungwa kabisa?"

"Kabisa, mama. Nenda nyumbani."

"Hata pale nje kwenye ngazi?"

"Hata kwenye ngazi."

Mama akainuka, akavuta pumzi ndefu, akajifunga leso kiunoni. Askari alipoona ile leso inavyokazwa, akakimbia kutuwahi kwenye mlango wa kutokea.

"Mama, tafadhali," alisema. "Ngojeni kwanza mfike geti."